Nyusi za Siutiti na Mafuta ya Shangazi

Saa mbili asubuhi, Latai Vaipuna anamwambia mteja wake amwage mfuko wote mezani. Wote, pamoja na vile anavyoona aibu kuvitoa.

Siutiti Helu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, anamwaga. Zinatoka chupa, vikopo, mirija iliyokamuliwa mpaka mwisho, na sabuni ya chunusi iliyofungwa ndani ya soksi. Latai anavaa miwani na kuanza kusoma maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo wengi wetu hatuna habari nayo.

"Hii ya kung'arisha uso kakupa nani?"

"Binamu yangu wa Auckland, dada."

"Mshukuru sana, halafu ifungie kabatini. Ina asidi ya kuchubua ngozi. Na rangi niliyokutia imo ndani ya ngozi hiyo hiyo."

Krimu ya kukinga jua inapona. Haina manukato, anasema Latai, ila isubiri mpaka nyusi zipone kabisa, ndipo ipakwe kila siku, maana jua la hapa linakula rangi. Kwa sasa Siutiti atembee na mwavuli. Sabuni ya chunusi inarudishwa kwenye soksi yake.

Latai, mwenye miaka thelathini na minne, anachora nyusi za kudumu kwa sindano na rangi, katika chumba cha nyuma cha saluni ya dada yake hapa Kolofo'ou, Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga. Jozi moja ni paanga mia mbili, pesa za hapa, na wiki ikiwa nzuri anapata wateja wanne. Kazi aliisomea Auckland, akarudi nyumbani kwa sababu, anasema, alichoka na baridi ya kuvaa soksi.

"Sindano ni nusu ya kazi," anaeleza huku akifuta meza. "Nusu nyingine ni kile mtu anachojipaka akishatoka hapa. Naweza kuchora vizuri nikajisifu, halafu krimu ya dukani ikafuta kila kitu kwa wiki moja."

Anachomruhusu mteja ni kidogo mno: sabuni laini isiyo na manukato, na marhamu nyepesi, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kwa nyusi zote mbili. Basi.

Kwa Siutiti nyusi hizi si mapambo tu. Miaka miwili iliyopita zake zilianza kunyonyoka, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, na daktari akamwambia zinaweza kurudi au zisirudi. Alikuwa mchezaji wa tau'olunga, ngoma ya wasichana, tangu utotoni, wa kuitwa kila harusi. Akaacha kucheza. Akafuga nywele za mbele mpaka zikamfika machoni, na kila upepo ukivuma mkono wake unakwenda kuzishika.

Ijumaa iliyopita Latai alimchora. Mpango ulikuwa mzuri: apone taratibu, kisha mwezi ujao acheze kwenye ufunguzi wa ukumbi mpya wa kanisa. Jumapili mchungaji akatangaza kwamba ukumbi utafunguliwa Jumamosi hii. Leo ni Jumanne, na nyusi ziko katika hali mbaya kuliko zote, zimefunikwa na vigaga.

Na kitu anachokiogopa Latai kuliko vyote hakimo mezani. Kimeshikwa mapajani na Shangazi Toakase, aliyekaa kwenye kiti pekee chenye mto. Ni chupa ya mafuta ya maua ya heilala, na kifuko cha kokwa za tuitui. Kokwa hizo hutafunwa, hutemwa kiganjani, na mchezaji husuguliwa nazo mwili mzima kabla ya kupakwa mafuta. Anayesugua na kupaka ni dada wa baba, na neno la dada wa baba halina rufaa.

Latai analijua hilo kwa uchungu. Mwaka jana alimchora bibi harusi mmoja, akamuuliza anatumia nini usoni. Akajibiwa, hakuna kitu. Baada ya siku sita nyusi zilikuwa zimebaki nusu nusu, na bibi harusi akapigwa picha akiwa na kofia. Alikuwa amesuguliwa tuitui na shangazi yake, jambo ambalo halikumjia akilini kulitaja, kwa kuwa hakuna anayelihesabu kuwa kipodozi.

"Nilimuuliza habari za madukani," anasema Latai, na bado inamuuma. "Sikumuuliza habari za shangazi. Na mimi nimezaliwa hapa hapa!"

Toakase anakohoa. "Umemaliza na hivyo vikopo vya Wazungu? Haya, sasa tuseme ya maana. Jumamosi asubuhi namsugua, namsuuza, nampaka, kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Atang'aa mpaka mchungaji apepese macho."

"Na usoni, Shangazi?"

"Usoni ndiyo kwanza! Acheze na uso mkavu, watu waseme kwao hana mtu? Na wanaomtunza wabandike wapi noti, kwenye poda?"

"Mabegani, Shangazi. Na mikononi."

"Unanifundisha?"

Siutiti anatazama sakafu. Latai anamimina chai, anamsogezea Toakase sahani ya keke za kukaanga, na kubadili mazungumzo.

"Shangazi, umelea watoto wangapi?"

"Wangu, au na wale walioachwa kwangu mama zao wakienda kuchuma matunda New Zealand?"

"Wote."

"Nilishaacha kuhesabu."

"Na uliwasugua tuitui tangu wachanga?"

"Wote. Huoni ngozi zao?"

"Na kitovu, kabla hakijakauka? Nacho ulikisugua?"

Toakase anaishusha keke. Anamwangalia Latai kama mtu aliyepungukiwa akili. "Binti, wewe ulilelewa na nani? Kitovu hakiguswi! Unapita pembeni, unakiacha mpaka kidondoke chenyewe. Ukikibandua, unamtoa mtoto damu."

Latai anavuta taa, anainua taratibu nywele za mbele za Siutiti, na kumgeuzia shangazi uso ule. Toakase anainama, anachungulia kigaga kimoja kimoja. Hajauona uso wa mtoto wa kaka yake ukiwa wazi hivyo kwa miaka miwili.

"Kumbe huyu ana vitovu viwili usoni," anasema hatimaye.

Siutiti ndiye wa kwanza kucheka. "Shangazi, usinichekeshe, ngozi inavuta!"

"Nyamaza. Usoni haguswi na mtu. Nimesema mimi."

Baadaye Latai ananinong'oneza mlangoni: "Ningemwambia hapana, mazungumzo yangeisha palepale. Ile amri ilibidi itoke kwake."

Jumamosi, Siutiti anasuguliwa kuanzia shingoni kwenda chini. Mabega yanang'aa, mikono inang'aa, nywele zimerudishwa nyuma na kufungwa. Nje ya ukumbi jamaa mmoja wa kike anakuja mbio na kiganja kilichojaa mafuta, akilalamika kwamba uso wa mtoto umesahauliwa. Toakase anamdaka mkono hewani.

"Uso huo una mwenyewe," anamwambia. "Kama mafuta yamekuzidi, jipake wewe."

Ngoma inaanza. Siutiti anainamisha kichwa kidogo upande, anakirudisha, anatabasamu. Nyusi zipo. Kigaga kimoja bado kimeng'ang'ania upande wa kushoto, lakini kutoka kwenye mikeka hakionekani. Noti zinabandikwa mabegani na mikononi, nyingine zinaanguka na watoto wanaziokota kupeleka kwenye kapu. Toakase yuko nyuma yake, anacheza kwa fujo kama desturi inavyomtaka, na analia waziwazi.

"Upepo uliingia mlangoni katikati ya ngoma," anasimulia Siutiti, akiwa bado anahema. "Mkono wangu haukwenda kwenye nywele. Nimegundua nilipomaliza."

Latai sasa ana mpango. Anataka kupata saa moja baada ya mkutano wa akina mama wa kanisa, azungumze juu ya vigaga, asidi, manukato na jua. Hataki wasichana. "Wasichana wananisikiliza vizuri, halafu wanakwenda nyumbani kumtii mtu mwingine," anasema. "Nataka hao wanaotiiwa. Nikipata mashangazi kumi tu, nimepata mji."

Jumatatu, kabla hata hajafungua dirisha, mlango unagongwa. Ni Toakase, na nyuma yake wamesimama wasichana wawili waliokumbatia mifuko yao. Hakuna hata mmoja aliye mtoto wa kaka yake.

"Hawa nimeshawakagua njiani," anasema, akienda moja kwa moja kwenye kiti chenye mto. "Huyu mrefu anaficha kitu. Anza naye."