Kilo Moja na Gramu Mia Nne Kichwani kwa Mgeni Rasmi

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote, kwamba dereva wa mbio za magari si binadamu wa kawaida. Hatoki jasho. Habanwi na haja. Hushuka garini nywele zimechanwa, hujimwagia kinywaji cha mapovu, hukumbatiwa na watu asiowajua, kisha huvaa miwani ya jua na kwenda kupumzika mahali penye bwawa la kuogelea. Mwenye kubisha aonane na redio, magazeti, na shemeji yeyote aliyewahi kuangalia mbio mara moja kwenye televisheni.

Aliyebisha kuliko wote alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi, aliyeolewa na dereva wa aina hiyo miaka kumi na moja. Mumewe walimwita Shingo. Jina halikutokana na maringo. Kwenye kona kali, kichwa cha dereva na helmeti yake hugeuka mzigo wa kilo zaidi ya ishirini unaotaka kutokea dirishani, na kinachouzuia ni shingo peke yake. Kwa hiyo kila asubuhi bwana huyu alilala kitandani kichwa kikining'inia pembeni, amefungwa mkanda wenye ndoo ya mchanga, akiinua na kushusha, huku mkewe anahesabu na mswaki mdomoni.

Kazi iliyowalisha ilikuwa nyingine. Shingo alikuwa mwalimu wa udereva. Siku tano kwa wiki alikaa kiti cha abiria kwenye kigari chenye breki mbili, akiwaambia watu wazima kwa sauti ya chini, "Taratibu. Tena taratibu." Wanafunzi walimwona mwoga. Mmoja alimwambia, "Mwalimu, siku ukikanyaga mafuta wewe utaanguka na presha."

Shingo akamjibu aangalie kioo.

Muuguzi alijua mambo ambayo redio haikuyajua, kwa sababu ndiye aliyeyafua. Alizifua fulana na suruali za ndani zisizoshika moto, ambazo hazikamuliwi wala haziguswi na sabuni ya manukato. Alimpima mumewe kabla ya mbio na baada, kwa mizani ya bafuni, akakuta kila mara zimepungua kilo tatu, zote jasho. Ndani ya lile gari joto lilikuwa la tanuri la mikate. Kulikuwa na mrija wa maji unaoingia hadi mdomoni, lakini kufikia mzunguko wa kumi maji yenyewe yalifaa kuogea. Mapigo ya moyo yalikuwa mia na sabini kwa dakika, saa nzima na nusu. "Mtu akija kwangu na mapigo hayo," alizoea kuwaambia majirani, "simpi miwani ya jua. Namlaza."

Na kuhusu haja, ukweli ni kwamba madereva wengi, wakibanwa katikati ya mbio, huachia humo humo ndani ya ovaroli na kuendelea na safari. Shingo alibana miaka yote kumi na moja. Mkewe alipomuuliza kwa nini anajitesa, alisema, "Wewe ndiye unayefua." Katika ndoa yao hilo ndilo lililokuwa tamko zito la mapenzi, na muuguzi hakuwahi kudai jingine.

Tatizo ni kwamba Shingo hakuwahi kushinda. Alishika nafasi ya pili mara nne. Ya tatu, mara ambazo hakuna aliyezihesabu. Na tangu mwaka uliopita, alipoamka baada ya mbio vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, vikakaa hivyo wiki mbili, alikuwa ameweka ahadi: "Nikishinda moja tu, mke wangu, naacha." Muuguzi aliishika ahadi hiyo kama mtu anavyoshika tiketi. Kombe lenyewe hakulitaka, nyumba ilikuwa na vumbi la kutosha. Alitaka mume ambaye ukimwita anageuza kichwa peke yake, si mwili mzima kama kabati.

Jumapili hiyo Shingo akashinda.

Alimpita wa kwanza kwenye kona ya mwisho. Muuguzi hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi, akavua viatu, akasema kimoyomoyo kwamba kesho ile ndoo ya mchanga atapandia kitunguu.

Hakumaliza kuvaa viatu. Kipaza sauti kikakohoa na kusema gari namba thelathini na moja, la Shingo, limeondolewa kwenye matokeo kwa kupungukiwa uzito.

Hapa inabidi tueleze, kwa sababu redio haitaeleza. Gari likimaliza mbio hupelekwa kwenye mizani na dereva wake akiwa ndani. Kwa pamoja wasipungue kilo mia saba, ili mtu asishinde kwa kuwa na gari la karatasi. Fundi wa Shingo alikuwa amekokotoa kila kitu hadi jasho: zitapotea kilo tatu, basi akafunga bamba la madini ya risasi chini ya kiti kufidia. Hesabu ya namna hiyo haikosei kirahisi.

Muuguzi akaingia kwenye banda la mizani bila kubisha hodi. Shingo alikuwa bado amekaa garini, macho mekundu, mikono juu ya usukani, midomo imekauka. Mbele yake alisimama msimamizi wa mizani, mzee mnyoofu waliyemwita Gramu, na fomu mkononi. Fundi wa timu iliyoshika nafasi ya pili alikuwa ameegemea mlango, anatabasamu.

"Kilo mia sita tisini na tisa na gramu mia mbili," Gramu akasoma. "Pungufu ni gramu mia nane."

"Shemeji, uwe unamlisha," fundi wa mlangoni akasema.

"Uwe unanyamaza," muuguzi akamjibu, bila kumwangalia.

"Labda alijisaidia njiani, uzito ukapungua."

"Angejisaidia ungebaki ndani ya ovaroli. Ulisoma shule gani wewe?"

Fundi akaangalia viatu vyake. Muuguzi akaizunguka mizani polepole, kama anavyowazunguka kina mama wanaoficha shilingi kwenye nepi ili mtoto aonekane amenenepa. Miaka kumi na minane alikuwa akipima watu wasiotaka kupimwa. Akamtazama mumewe kuanzia miguuni. Viatu vipo. Ovaroli ipo. Glavu zipo. Alipofika juu, akasimama.

"Helmeti yako iko wapi?"

Shingo akalamba midomo. "Wameazima."

"Nani?"

"Msaidizi wa mgeni rasmi. Alinisimamisha getini, kabla ya mizani. Mheshimiwa alitaka kupiga picha nayo."

"Ukampa."

"Aliomba vizuri."

Muuguzi akageukia ukuta, ambako kanuni zilibandikwa, akasoma kwa sauti ile anayotumia kusomea ratiba ya chanjo: dereva atapimwa akiwa na vifaa vyote alivyomalizia navyo mbio. Kisha akamgeukia Gramu.

"Uliona hana helmeti."

"Niliona."

"Na ulijua ilipo."

Gramu akaangalia fomu. "Mama, ile iko kichwani kwa mgeni rasmi. Mimi nitaanzia wapi? Na fomu imeshapigwa muhuri."

Jamani. Mtu ameoka ubongo saa nzima na nusu, amekausha kilo tatu za mwili wake, amebana haja ili mkewe asisumbuke, kisha ushindi wa maisha yake unavuliwa kwa sababu mzee wa miaka sitini anaona haya kusema "samahani, mheshimiwa". Hasira ilimpanda muuguzi taratibu, kutoka miguuni, na ilipofika kichwani alikuwa tayari yuko njiani kuelekea jukwaani.

Mgeni rasmi alikuwa bado anapigwa picha, kidole gumba juu, helmeti imemkaa kama chungu juu ya boga. Msaidizi akajaribu kumzuia mwanamke yule. Hakufanikiwa.

"Mheshimiwa, samahani. Naomba kichwa cha mume wangu."

Sauti ikatoka ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Sisikii vizuri."

"Vua, utasikia."

Akajaribu kuvua. Haikutoka. Masikio yalikuwa yameingia kwa ajili ya picha na hayakutaka kurudi. Wasaidizi wawili wakavuta, mmoja huku, mmoja kule, wapiga picha wakifanya kazi yao kwa bidii ambayo hawakuwa nayo asubuhi. Helmeti ilipotoka, mheshimiwa alikuwa amelowa jasho, nusu lake na nusu la Shingo.

"Humu ndani kuna joto," akasema, akihema.

"Umekaa dakika kumi," muuguzi akamwambia. "Kivulini."

Akaondoka nayo kwapani. Alipofika bandani akamvalisha mumewe mwenyewe, akamfunga mkanda chini ya kidevu, akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono. Gramu akaangalia mlango, akaangalia fomu, akaangalia uso wa muuguzi. Akabonyeza kitufe.

Kilo mia saba na gramu mia sita.

"Soma," muuguzi akasema.

Gramu akasoma. Kisha akachana fomu ya kwanza, na muhuri wake, vipande vinne, akaandika nyingine.

Basi Shingo akapandishwa jukwaani hatimaye, akitembea kwa hatua fupi fupi za mtu anayetafuta choo. Mtangazaji wa redio akamsogezea kipaza sauti, akaiteremsha sauti yake hadi ile ya mazishi ya kitaifa.

"Shujaa wetu, simba wa lami, mashabiki kila pembe wameshika mioyo yao. Waambie kwa kinywa chako: baada ya ushindi huu wa kihistoria, wakutarajie wapi?"

Muuguzi akasogea hadi chini ya jukwaa. Shingo akageuza mwili mzima mpaka akamwona, kisha akainamia kipaza sauti.

"Chuo cha udereva tu. Kesho saa mbili asubuhi nina mtu wa kufundisha kurudi nyuma."