Nyanya Aliyokatazwa Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo wa Wilaya hakunipa hata kiti. Alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akasema, "Bibi Shamba, kule Michenga watakufundisha mpunga. Mimi nakufundisha moja tu. Mkulima akikuandalia chakula, unakula. Ukikataa umemtukana, na mimi nitakuhamisha." Niliitikia, "Sawa, Mkuu."

Michenga nilikaa hadi nikazoea matope ya bondeni, kisha akanipeleka Masagati, kule mbele ya Mlimba, ambako mvua ikikolea barabara inakatika na umekwisha. Huko ndiko nilikoijua nyanya ya Mama Agata, mjane wa Kipogoro aliyenipokea kama mwanawe. Ninyi mnaonunua chotara za pakiti mtanisamehe. Chotara ni mtoto wa mbegu mbili tofauti; ukizipanda mbegu zake msimu ujao, huvuni ileile. Nyanya ya Mama Agata ilijizaa vilevile tangu kwa mama yake huko Mahenge. Ilikuwa pana, yenye mikunjo, ngozi laini mno, haifiki sokoni bila kupasuka. Lakini mchuzi wake! Mpaka leo nikiutaja mate yananijaa.

Msimu mmoja mnyauko uliingia bustanini mwake. Ni ugonjwa mbaya: mche unalegea ukiwa bado kijani, na ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji, linatoa uzi mweupe wa ute. Nilikata, uzi ukatoka, Mama Agata akakaa chini palepale. Mbegu za akiba alikuwa amezipanda zote. Ulisalimika mche mmoja kando ya banda la kuku, una nyanya moja. Nikaifunga kitambaa cha kitenge, yaani hiyo ni ya mbegu, haichumwi mpaka iive na kulainika.

Ilikuwa bado mbichi Mkuu alipotokea bila taarifa kunikagua. Mama Agata akamkaribisha barazani, akaingia jikoni. Mara nikamwona anaelekea banda la kuku, kisu mkononi. Nikamkimbilia.

"Mama, hiyo ni ya mbegu!"

"Najua, mwanangu. Sasa mgeni mzito kama huyu nimpe dagaa wakavu? Unataka niaibike?"

"Subiri kwanza, mama. Nimuulize kama anakula nyanya."

Nilirudi barazani nikitweta. "Mkuu, nakuomba, sema nyanya zinakudhuru. Amebakiwa na moja tu, ya mbegu. Akiichuma, imepotea kabisa."

Uso ulimkunjamana. "Mimi? Nikatae chakula cha mkulima?"

Nikajua nimehamishwa. Mama Agata alikuwa ameshafika mlangoni, kisu bado mkononi, anasubiri jibu. Mkuu alimtazama yeye, kisha akakitazama kile kisu. Niliogopa, siwafichi.

"Mama, uniwie radhi," alisema hatimaye. "Nyanya daktari amenikataza. Nipe dagaa wakavu, ndio chakula changu."

Alikula tonge baada ya tonge bila kuniangalia. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Usirudie." Hakunihamisha.

Kumbe alijiponza mwenyewe. Habari ilisambaa bonde zima kwamba Mkuu haruhusiwi nyanya. Kila kijiji alichokwenda kina mama walimtengea samaki wakavu, wenzake wakila mchuzi mwekundu, naye mchuzi alikuwa akiupenda kupita kiasi. Hakukanusha mpaka anastaafu. Angekanusha, Mama Agata angesikia.

Mama Agata sasa ni marehemu. Nami nimestaafu, niko Lipangalala, nyuma ya nyumba nina matuta ya nyanya ileile. Vijana wakiniuliza kazi yetu ilikuwaje, nawaonyesha hayo.

Juzi Mkuu alikuja kunitembelea, anatembelea mkongojo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Bibi Shamba."

Nilimwekea ugali na bakuli la mchuzi wa nyanya, nikasimama kando kama siku ile ya kwanza ofisini. Hakugusa. Aliinuka kwa shida, akasogea dirishani, akachungulia bustani.

"Ya mbegu ipo?"

"Ipo, Mkuu. Nimeifunga kitambaa."

Ndipo akarudi mezani, akanawa mikono.