Taa Haijiwashi

Mzee aliyetunza mnara wa taa huko pwani, kwenye kisiwa cha mbali ambako hata kunguru hufika wakitweta, alirudi kijijini kwao Mukuyuni na mikono isiyojua kutulia. Akiona kioo, atakifuta tu. Glasi ya chai huizungusha ndani ya shati lake mpaka mwenye hoteli ananuna, na kioo cha taa yake ya nyumbani kinang'aa hivi kwamba jogoo wa jirani alijiona ndani yake, akapigana siku nzima, akashindwa. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kubishana na mawimbi, ndiyo maana kanisani hukaa nyuma akanyamaza.

Lakini Jumapili ile mchungaji alihubiri, "Wapendwa, tuwe kama mnara wa taa. Miaka yote umesimama peke yake, unawaka bila msaada wa mtu."

Mzee akainuka, mishipa ya shingo imemsimama. "Nani amekudanganya, Pasta? Kabla yangu alikuwa Mbuvi, kijana wa Kilungu. Alipanda ngazi na mafuta ya taa, homa ikimtetemesha, akaiwasha. Nilipotumwa huko nilimkuta amekufa pale juu, na taa inawaka."

"Keti, mzee wetu. Huo ni mfano tu."

"Basi mtaje kwenye huo mfano."

Wazee wa kanisa walimvuta koti akae. Ng'ombe wanne wasingemkalisha. Ndipo bibi mmoja, mgeni kutoka Kilungu, akageuka kwenye benchi la mbele.

"Mbuvi wangu?" akauliza. "Mbona sisi tuliambiwa alitoroka kazi?"