Wapanda Farasi wa Ngumbo

Likizo hii baba alinituma darini nikashushe magunia ya kahawa, na ndani ya kopo la zamani la maziwa nikamkuta yule mtu wangu wa plastiki. Kofia ndefu, upanga juu, miguu imetanuka, na chini yake kamtumbwi ka mti kama kidole changu. Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini huko. Nikasema hakuna kitu. Kuongea kwangu unakujua, rafiki. Bora niandike.

Mwaka ambao mama alilazwa hospitali, baba alikuwa anaendesha lori la makaa ya mawe kule Ngaka, kwa hiyo nikapelekwa ziwani, Ngumbo, kwa bibi mzaa mama. Shule nilikuwa sijaanza. Baba alinipa kipakiti alichokipata kwenye fungu la mitumba pale kwetu Mbinga: askari wadogo wa plastiki, wameshikana kwenye vijiti kama kahawa kwenye tawi. Bibi akawachuma mmoja mmoja kwa wembe.

Farasi nao walikuwemo, ila nusu nusu, upande wa kushoto na upande wa kulia, wakisubiri mtu anayejua awaunganishe. Sisi hatukujua. Farasi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Bibi aligeuzageuza vile vipande, akasema wanyama hawa wameshapasuliwa kama samaki mbasa wa kukausha, bado chumvi tu, akavirudisha kwenye kipakiti. Basi askari wangu wakabaki na miguu yao iliyotanuka, hawana pa kukaa. Ukiwasimamisha wanaanguka.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Kwetu tulisema Kimatengo, watoto wa pale Kinyasa, na Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani. Kutwa nilikaa chini ya chanja na fimbo, nafukuza kuku na kunguru kwenye dagaa walioanikwa juu yake, mchanga unachoma, harufu imeniingia mpaka kwenye nywele. Watoto wakipita wananiimbia, gunia la kahawa, gunia la kahawa, kwa sababu nimewekwa pale na sisemi. Ugali naumega, nauacha. Siku moja nilimsikia bibi akimwambia jirani kwamba mtoto huyu anakauka, na nikimrudisha Mbinga nani atampokea.

Jirani alikuwa mzee mchonga mitumbwi. Hakunibembeleza. Alikuja kuomba moto, akamwokota askari mmoja, akamwangalia sana miguu.

"Mjukuu, hawa watu wako ni wavuvi. Si unaona walivyokaa? Mitumbwi yao iko wapi?"

Mitumbwi ya ziwa letu mdomo wake ni mwembamba, mvuvi hukaa juu yake, mapaja yametanuka. Mzee aliona mkao anaoujua. Ule upanga akasema ni kafi; fupi, lakini ndilo walilopewa. Kesho yake akaleta mitumbwi aliyoichonga kwa vipande vilivyobaki kazini, na kila askari akakaa, akakaza.

Tukaishusha kwenye maji ya kina kifupi. Watoto wakajaa. Kiongozi wa ule wimbo, msichana asiye na meno ya mbele, akambandua askari mmoja na kumkalisha akitazama nyuma. Nikasahau kuogopa.

"Umemgeuza. Huyo anarudi nyumbani, na hajavua."

Akanitazama. "Haya, gunia, mgeuze wewe."

Juu kwenye chanja, mikono ya bibi ikatulia juu ya dagaa. Jioni alipika mbasa mbichi, kichwa akaniwekea mimi, na ugali niliumaliza. Jina la gunia halikunitoka, ila toka siku ile lilikuwa la kuniitia mchezoni.

Mama alipopona nilirudi na mtu mmoja tu na nusu mbili za farasi, wengine niliwaachia wenzangu. Mzee sasa hayupo. Ufukweni zimejaa boti za mbao na injini zake, na kizazi cha mitumbwi ile kinakwisha pamoja na miti yake.

Farasi nilikuja kumjua kwenye picha ya mwalimu wa historia, nikaona aibu: kumbe watu wangu hawakuwa wavuvi. Jana nikanunua gundi, nikaunganisha nusu mbili zilizobaki kwenye kopo. Farasi akasimama. Nikampandisha mtu wangu. Akamkalia sawasawa, kama walivyotaka waliomtengeneza.

Nilimwangalia kidogo, kisha nikamrudisha kwenye mtumbwi wake.

Asante, mzee. Ulimwona mtu hana pa kukaa, ukamchongea, wala hukumuuliza alikotoka.