Niliwapoteza Wakwe kwa Tarumbeta

Kuna ukumbi mmoja hapa Bariadi ambao mpaka leo nikipita nje yake nageuza uso kama mtu anayetafuta duka upande wa pili, na upande wa pili hakuna duka, kuna ukuta. Walionikuta nautazama ule ukuta wanajua sababu, na wasiojua wameona video.

Mimi ni muuza mitumba sokoni, na Jumapili napiga tromboni kwenye bendi ya tarumbeta ya kanisani kwetu. Tuko tisa, nimehesabu mara mbili. Kumi ukimweka Limbu wa besi, ambaye anahesabika siku ambazo hayuko shambani kwake Kiloleli. Nina mtoto wa marehemu kaka yangu niliyemlea mwenyewe, Kabula. Huyu binti alianza ualimu akaacha, akaenda Mwanza kusuka nywele akarudi, akajaribu cherehani, mwisho akaishia kuchomelea mageti, na hapo ndipo akatulia. Ndipo pia alipokutana na Masunga wa Ipililo, aliyekuja kutengenezesha geti, kisha akawa anarudi rudi kulalamikia komeo ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Harusi ilipopangwa nikasema nitamtungia kipande cha kuingilia ukumbini, tarumbeta tupu bila maneno: mtu kapotea, anahangaika, anapata njia yake. Wazo zuri. Ningeishia kwenye wazo nisingekuwa naandika haya.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa sokoni, siwezi kuhangaikia kipya wakati cha zamani kipo na bado kizima. Badala ya kuumiza kichwa nikaamua kuchukua nyimbo mbili za ngoma. Wacheza ngoma wa kwetu wamegawanyika tangu zamani, Wagika na Wagalu, na baada ya mavuno wanacheza uwanja mmoja, kila kundi upande wake, anayevuta watu wengi ndiye kashinda. Babu yake Kabula alikuwa Mgalu. Babu yake Masunga, Mzee Maduhu, ni Mgika, tena alikuwa mwimbishaji. Nikasema kila upande utasikia wake, nani atalalamika? (Hata sokoni ndivyo ninavyofanya, kila mteja anaondoka akidhani fulana nzuri kaichukua yeye.)

Likabaki swali moja dogo, upi utangulie. Wa Wagika unakaa chini, kwenye besi, wa Wagalu unapanda, na mtu aliyepotea huanzia chini. Nikaandika hivyo, na wa Wagika nikaupindapinda, tromboni zichelewe, tarumbeta ziende pembeni, ili usikike umepotea kweli. Uamuzi huo ulinichukua muda wa kumenya ndizi.

Siku yenyewe MC akaniuliza, "Baba mdogo, wimbo unahusu nini, niwaambie wageni?" Nami kwa majivuno yangu nikamweleza. Ningemwambia unahusu upendo tungekula keki mapema.

Tukaanza. Kabula akaingia taratibu na shela lake. Mpango ulikuwa afike katikati ya ukumbi, wakwe wasimame wampokee. Mzee Maduhu akainua kichwa. Pamoja na kuupinda kwangu kote, aliutambua. Akanyanyuka, fimbo juu, mabega yanatetemeka, na safu nzima ya Ipililo nyuma yake. Nikajisemea, kumbe mimi ni mtunzi.

MC akashika maiki. "Ndugu wageni, kwa maelezo ya mtunzi mwenyewe, hapo mnaposikia, huyu mtu amepotea. Hajui anakotoka wala anakokwenda."

Mzee Maduhu alibaki mguu mmoja juu. Nami nilikuwa na tromboni mdomoni, na kwa tromboni huwezi kumwambia mtu nyamaza. Wimbo ukapanda, ukaingia wa Wagalu, na dada yangu Nyamizi akaruka na vigelegele, na mashangazi wote pamoja naye.

"Na sasaaa," akasema MC, "amepata njia. Ameona mwanga."

Ipililo wakakaa. Wote kwa pamoja, kama waliopangwa. Kabula akafika katikati, hakuna aliyesimama kumpokea. Masunga akataka kushuka meza kuu, babu yake akamwonyesha kiti kwa fimbo.

Nikaenda kuinama mbele ya mzee. "Guku, babu yetu, shikamoo. Ni muziki tu."

"Mkwe, sisi tumekuja kuoa, au tumekuja kuonyeshwa njia?"

"Kuoa, mzee."

"Basi hatumpokei mtu mpaka huo wimbo unyooshwe."

Nikamwomba tuendelee bila maelezo ya MC, akakataa. Nikamwahidi wa kwake peke yake baada ya chakula, akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayeshika koti la sufi na kuniita kaka ili nishushe bei. Mwisho nikajifunga mwenyewe: tugeuze, wa Wagalu ndio upindwe, wa Wagika ndio uone mwanga. Hapo akatabasamu. "Na wao wapotee kidogo."

Tukageuza. MC, ambaye hakuna aliyemtuma, akasema, "Jamani, sasa wamepotea wa upande huu."

Nyamizi akaweka mkoba chini. "Yaani wewe, niliyekubeba mgongoni, unatupoteza mbele ya watu?" Akakaa. Mashangazi wakakaa. Bendi ikanyamaza yenyewe. Ukumbi mzima umekaa, amesimama bibi harusi peke yake, na niliyemsimamisha pale ni mimi.

Kabula akafunua shela. Nilidhani analia. Alikuwa na ile sura anayokuwa nayo mlango ukigoma kuingia kwenye fremu.

"Baba mdogo, mko wangapi?"

"Tisa. Na Limbu, leo yupo, kumi."

"Watano wapige wa huku, watano wa huku. Kwa pamoja. Viatu vinanibana."

"Zitagongana, ng'wanone, mwanangu."

"Zigongane. Mimi nitapita katikati."

Sitaeleza jinsi ilivyosikika. Mbwa wa jirani walieleza. Ila Mzee Maduhu aliposikia wa kwake unazidiwa akasimama kuuongezea sauti, Nyamizi naye hakukubali, na dakika hiyo hiyo pande zote mbili zilikuwa zimesimama zinavutana kama uwanjani baada ya mavuno, na Kabula akapita katikati ya vurugu ile kwa mwendo wake mpaka kwa mzee, ambaye alimshika mkono na kumwambia, "Umewaona wa kwenu? Tumewazidi." Nyamizi mpaka leo anasema walishinda wao.

Siku hizi watu wanakuja kibandani kwangu kuniomba "ule wa kugongana". Ule niliokesha kuutunga hakuna anayeuulizia. Sitatunga tena, nimeshawaambia bendi. Na siku nikiteleza nikatunga, MC akija kuniuliza wimbo unahusu nini, nitamjibu kwamba hauhusu mtu yeyote, aende akale.