Vidole Gumba Viwili Shingoni mwa Mama

Mtaani kwetu Likoni watu hunijua kwa mikono. Mimi ni mkandaji, kazi niliyorithi kwa nyanya yangu: nakanda wazazi walio kwenye arubaini ya kujifungua, nakanda mabega ya akina mama wanaobeba mizigo sokoni, nakanda shingo zilizokakamaa. Sifichi, kazi hii inanipa kiburi. Mtu niliyemkanda akisema kilichomponya ni sindano, mimi hununa wiki nzima.

Basi mama alipopatwa na ile hali mara ya kwanza, sikuwaza daktari. Alikuwa barazani akisomesha watoto Kurani, kazi aliyoifanya tangu mimi sijazaliwa. Ghafla ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka yamepondeka, na kile kijiti anachoonyeshea herufi kikamponyoka mkono wa kulia. Nikasema ni baridi, imempanda shingoni. Nikapasha mafuta ya nazi yenye karafuu, nikaweka vidole gumba kandokando ya koromeo, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Mafuta hayajapoa, ulimi ukarudi. "Mikono yako ina baraka, mwanangu," mama akasema, na majirani wakaja kusikia habari. Hali ikarudi mara ya pili, nikakanda, akapona.

Mara ya tatu alikuwapo kaka yangu, afanyaye kazi kule Miritini. Tuligombana kweli kweli, akampeleka mama kwa daktari. Daktari alisema hivyo ni viharusi vidogo vinavyopita, na kwamba kingine huenda kisipite. Akataka mishipa mikubwa ya shingo ipigwe picha, ipimwe imebana kiasi gani. Kipimo ndicho kingeamua kama atapewa dawa tu, au atapasuliwa pia. Nilishikwa na hofu. Nilijaribu kumfikiria mama akiwa hai lakini hana maneno, nikashindwa.

Asubuhi ya kipimo nilimkanda tena, taratibu na kwa mafuta mengi. Niliona shingo ikilainika mashine itaona vizuri. Nilimtayarisha kama bibi harusi.

Chumba kilikuwa kidogo, taa imepunguzwa. Mpimaji alikuwa binti wa rika la mwanangu. "Shikamoo, mama," akasema. "Marahaba," mama akajibu, ila mtandio hakuuvua mpaka mlango ulipotiwa komeo. Binti akagusa shingo, akanusa vidole vyake.

"Amepakwa nini?"

"Mafuta. Nimemkanda mimi mwenyewe," nikasema, kichwa juu.

Akayapangusa yote kwa karatasi, akapaka uji wake wa baridi, akatelezesha kile kidude cha kupimia chini ya taya.

Hapo ndipo nilipomwona mama kwa ndani. Mwanzoni kwenye kioo cha mashine palikuwa na kijivu kitupu. Kisha ukatokea mshipa, njia nyeusi yenye kingo nyeupe, ukicheza kwa mapigo ya moyo. Binti akabonyeza kitufe, damu ikawaka nyekundu, ikawa inapita mbele ya macho yangu. Akabonyeza tena, ikasikika: fuu, fuu, fuu. Subhanallah! Nimeishika shingo hiyo tangu nikiwa msichana na sikuwahi kujua kwamba inavuma. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

"Yuwasemaje huyo?" mama akauliza, macho yamemtoka.

"Hasemi mtu, mama. Ni damu yako."

"Yote hiyo ni yangu?"

"Yote."

Akatabasamu. Binti akahamia upande wa kushoto, na sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba na kali, yenye haraka. Kwenye kioo, njia ilikuwa imevamiwa na kitu kama ukoko wa sufuria, damu ikipenya kwenye upenyo mdogo. "Ukibana mdomo wa mpira wa maji, maji huruka kwa kasi," binti alinieleza huku akiweka alama zake. "Mimi napima kasi hiyo. Ndiyo inayoniambia njia imebaki kiasi gani." Nilistaajabu kwamba binadamu aliweza kuwaza jambo hilo: kusikiliza damu, kisha kujua upana wa njia yake.

Alipomaliza akaniuliza, kwa upole, "Dada, huwa unamkanda wapi hasa?"

Nikanyoosha vidole gumba, nikavielekeza. Cha upande wake wa kushoto kilisimama juu ya alama ya uji wake, palepale aliposikia ile sauti kali.

"Usiparudie," akaninong'oneza, mama asisikie. "Kipande cha ule ukoko kikimeguka, damu hukipeleka ubongoni." Akaniambia pia kwamba hali kama ile mara nyingi huondoka yenyewe, mtu akandwe asikandwe. Kiburi changu chote kiliishia mle chumbani.

Daktari aliposoma vipimo alisema upande wa kushoto upasuliwe, tena upesi. Tulipofika nyumbani, mama alivua mtandio, akaketi mkekani akanigeuzia shingo kama kawaida yake. "Nikande kidogo, nimechoka."

Ikabidi nimwambie kila kitu, nikilia kama mtoto: kwamba ningeweza kumuua, na mara ya mwisho ilikuwa asubuhi ileile.

Mama akageuka akanitazama.

"Sikiliza, mwanangu. Huko kwa madaktari sijui nitarudi na ulimi au bila ulimi. Kwa hivyo nalisema leo, nikiwa nao: sina kinyongo nawe, nimekusamehe duniani na akhera. Siku nikiwa siwezi kusema, usiniulize tena."

Nilivuta miguu yake nikaipakata, nikaanza kuikanda.