Mapovu Yaliporudi

Mara ya pili ugonjwa uliporudi, niliujua kabla ya daktari. Nilikuwa naendesha greda huko Msalato, nasawazisha kifusi cha barabara, na wiki nzima buti zilinibana hata nikilegeza kamba. Asubuhi moja nikatazama mkojo wangu chooni: mapovu yamejaa kama ya sabuni, hayapasuki. Mume wangu alikuwa nje anapiga mswaki.

"Figo zinavuja tena," nikamwambia. "Leo siendi kazini, naenda hospitali."

"Labda ni uchovu tu."

"Uchovu hauna mapovu."

Mwanzoni vidonge vya kutuliza kinga ya mwili vilinisaidia sana. Uso ulinivimba ukawa duara, wenzangu kazini wakanipongeza kwamba ndoa imenikubali, nami nikacheka nao. Lakini dozi ilipopunguzwa, protini ikarudi kwenye mkojo. Tukapandisha dozi, protini ikatulia. Safari hii tuliipandisha dozi, lakini miguu ikazidi kuvimba.

Daktari wangu, mwanamke asiyependa kuzungukazunguka, akaniambia, "Vidonge hivi pekee havikutoshi. Nataka kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano, tujue hasa tunapambana na kitu gani."

Nikakubali palepale. Kazi yangu imenifundisha kwamba ukitaka kujua kwa nini barabara inatitia, unachimba.

Mama yangu hakukubali. Alikuja kutoka Haneti na kiroba cha unga wa uwele, na kabla hajakaa akasema, "Mwanangu, watakutoa figo. Ukizinduka, huna."

Sikubishana naye. Kesho yake nikaenda naye kliniki. Daktari akamwamkia, "Shikamoo, mama," akavuta kiti karibu naye. Akashika uzi uliokuwa ukining'inia kwenye pindo la khanga yake.

"Kipande chenyewe ni chembamba kama huu uzi, na urefu wake hauzidi ukucha wako."

Mama akautazama. "Na damu?"

"Inaweza kuvuja kidogo. Ndiyo maana atalala hapa mpaka kesho, tumwangalie."

"Basi na mimi nalala hapa."

Nikalazwa kifudifudi, wakanichoma ganzi mgongoni. Daktari alikuwa akitazama figo kwenye skrini. "Vuta pumzi, izuie." Kukatoka mlio mfupi kama wa kibanio, basi. Kilichonitesa zaidi ni kulala chali baadaye bila kugeuka, huku mama akiuliza kila nesi aliyepita kama mkojo wangu una damu.

Majibu yalipotoka, daktari alituita mimi na mume wangu. Makovu kwenye figo yalikuwa machache. Bado kulikuwa na kitu cha kuokoa.

"Kuna dawa mbili ninazofikiria," akasema. "Moja ni kali, na inaweza kuharibu uzazi. Mnataka mtoto mwingine?"

Mume wangu alinitazama, akaniachia nijibu. Tuna binti mmoja.

"Nataka," nikasema. "Siyo sasa, ila nataka."

"Basi tutaanza na ile nyingine. Ni ya dripu. Mimba isubiri mpaka nikuambie. Na ukipata homa hata kidogo, usikae nayo nyumbani, kwa sababu kinga yako itakuwa chini."

Wakanipima kwanza homa ya ini na kifua kikuu, maana dawa hiyo inaweza kuamsha magonjwa yaliyojificha, kisha nikatundikiwa dripu. Mara ya kwanza koo lilianza kuniwasha, nesi akaipunguza kasi, tukaendelea. Nyumbani mama alishika jiko. Alipika mlenda bila chumvi, na yeye mwenyewe akaula vilevile, akikunja uso kila tonge.

"Mama, wewe weka chumvi yako," nikamwambia.

"Nikiweka, utaiba."

Alinijua.

Dawa haikufanya kazi haraka. Kipimo cha kwanza protini ilikuwa vilevile, na njia nzima ya kurudi mume wangu akawa anaisoma karatasi ya majibu tena na tena. Mimi sikutetereka, kwa kuwa daktari alishatuambia kwamba ni miezi, si siku. Kilichofuata kikaonyesha imeshuka, kwenye kingine ikashuka zaidi. Vifundo vya miguu vikaonekana. Mama akavibonyeza kwa kidole, akaona hakuna shimo linalobaki, akaaga kurudi Haneti kwa sababu mvua zilikuwa zimekaribia na shamba lilikuwa linamsubiri.

Sijaambiwa nimepona. Daktari anasema ugonjwa umelala, na unaweza kuamka. Sawa. Naenda kliniki kila ninapopangiwa, nameza vidonge vichache vilivyobaki, navaa barakoa penye msongamano. Nimesharudi kwenye greda. Mwezi uliopita nilimuuliza daktari kuhusu mtoto, akacheka, akasema, "Tukutane baada ya kipimo kijacho, uje na mumeo."